Kikombe Chekundu cha Shemeji Mwita

5 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imeshuka leo, na bati la stoo limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya maboksi ya barakoa. Nilisema mwezi wa saba. Nikasema tena mwezi wa tisa. Gregory, afisa usalama wetu hapa mgodini, alinijibu mara zote mbili kwamba wanalifanyia kazi. Barakoa zimelowa na hiyo kazi bado sijaiona.

Nimeamua kuandika humu kwa sababu nikiyasema haya nyumbani mume wangu Ngassa ananiambia nina mdomo. Ninao, ndiyo, lakini bati nalo linavuja.

Habari kubwa ya leo ni kwamba wiki ijayo wafanyakazi wote tutapimwa afya: presha, sukari, macho, kifua. Halafu anayetaka atachomwa chanjo ya mafua, maana mvua zilizopita mafua yaliwalaza nusu ya watu wa krasha, na mawe yakabaki yametulia bila wa kuyasaga. Krasha ni ule mtambo wa kuvunja mawe ya dhahabu. Ndiko anakofanya kazi Ngassa, pamoja na rafiki yake Mwita. Mimi nipo stoo, nagawa kofia ngumu, buti, glavu na barakoa. Barakoa wanazichukua. Kuzivaa ni habari nyingine.

8 Novemba

Kantini imejaa maneno. Mmoja anasema hiyo sindano inamaliza nguvu za kiume. Mwingine anasema watu wakitolewa damu karibu na mashimo, dhahabu inakasirika na kuhama. Nikamuuliza inahamia wapi. Akamtazama Mwita, ambaye kwao ni Tarime, akasema, "Huko kwao, si nako wanachimba?"

"Ikifika tutaikaribisha vizuri," Mwita akajibu. Watu wakacheka. Na yeye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa mpaka akashika meza kwa mikono miwili.

Anakohoa hivyo tangu Oktoba. Juzi alikohoa juu ya kaunta yangu nikaifuta mara mbili. Sipendi kusema vibaya juu ya rafiki wa mume wangu, lakini yule mtu hajui kuziba mdomo.

Ngassa yeye alikuwa anatamba kama kawaida yake. "Mimi tangu nizaliwe kule Kharumwa, kitanda cha hospitali nakiona nikienda kuwaangalia wengine."

11 Novemba

Tumepimwa. Presha yangu iko juu kidogo. Nesi Scolastika aliniuliza kama kuna kitu kinanikera kazini, nikamwambia kuhusu bati.

Huyo Scolastika ni mwembamba, amesomea unesi Kolandoto, na ana sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo. Ngassa alipokaa mbele yake nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikasikia yote.

"Una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili?"

"Hapana."

"Unatoka jasho..."

"Hapana."

"Sijamaliza kuuliza, baba."

"Hata ukimaliza, hapana."

Kilo themanini na moja. Alishuka kwenye mzani anatembea kifua mbele. Mwita akapanda baada yake: hamsini na mbili.

12 Novemba

Siku ya chanjo. Watu walisimama mbali wakiutazama ule mlango, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Basi Ngassa akaingia wa kwanza, akavua shati lote wakati wanahitaji bega tu. Alipotoka bado mwanaume, wengine wakamfuata. Nilijisikia fahari, siwezi kukataa.

Mwita hakuchomwa. Scolastika alimwambia, "Wewe kwanza tujue hicho kikohozi ni cha nini." Akapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, kesho asubuhi akiamka tu atoe makohozi ya kifuani, si mate, alete.

Jioni alipita kwetu, hana raha kabisa. "Shemeji, mgodi niliokuwapo kabla ya huu, mtu akikohoa mbele ya bosi anaonyeshwa geti. Nilionyeshwa mimi. Nikikutwa na kifua kikuu nimekwisha. Watoto kule nyumbani watakula nini?"

Nikamwambia maneno ya kumtuliza. Kimoyomoyo nikasema bora ajulikane.

13 Novemba

Bega linauma kwa sindano ya jana. Mwita kaja kabla hata sijawasha jiko, ana mfuko mweusi mkononi, wakaenda na Ngassa nyuma ya bafu. Nikamsikia Ngassa anakohoa kwa nguvu huko, anacheka, anakohoa tena. Wanaume wazima wana michezo yao. Nimeunguza maandazi kwa kuwasikiliza.

15 Novemba

Mvua. Hakuna jipya.

18 Novemba

Mwita ana kifua kikuu.

Nesi hakumwambia mtu, ila Mwita katoka zahanati amevaa barakoa, na kwenye mgodi huu barakoa usoni kwa Mwita ni tangazo tosha. Watu wakasogea pembeni akipita. Hajafukuzwa. Amepewa mapumziko na mshahara wake uko palepale, dawa ni bure miezi sita, akishaacha kuambukiza anarudi. Nilimwona Gregory kwa jicho jingine leo, kwa muda mfupi.

Ngassa jioni hakumaliza ugali. Nikamuuliza, akasema anamwonea huruma rafiki yake. Kakaa mlangoni anatazama mvua, hata Wema alipomvuta suruali hakumbeba. Wema ana mwaka na nusu, na kubebwa na baba yake ndiyo kazi anayoijua.

19 Novemba

Nimechemsha vikombe vyote. Kisha nikaenda sokoni nikanunua kikombe kimoja cha plastiki, chekundu, nisije nikakichanganya na vingine. Nimepiga msumari nje ukutani, nikakitundika. Hicho ni cha Mwita.

Alipokuja nilimpa chai humo, nje, kwenye benchi. Alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akasema, "Asante, shemeji." Akanywa yote. Ngassa akanyanyuka akaingia ndani.

Nina mtoto mdogo. Atakayeniona mbaya na anione.

21 Novemba

Anayetumia zile dawa lazima awe na msimamizi, mtu wa kumtazama akizimeza kila asubuhi. Mke wa Mwita yuko Tarime, yeye hapa anaishi peke yake chumba cha kupanga. Basi kamchagua Ngassa. Nesi alikwenda mpaka kwenye chumba chake, akamuuliza analala na nani, anakula na nani. Akakuta hakuna mtu, akafungua dirisha, akaondoka. Nashukuru Mungu kwamba Mwita haishi kwetu.

24 Novemba

Mvua usiku kucha. Barabara ya Kahama basi limekwama. Chumvi imepanda.

29 Novemba

Lazima niseme ukweli, Ngassa ananishangaza. Kila asubuhi kabla ya zamu anapita kwa Mwita kusimamia dawa, hajakosa hata siku moja. Mwanaume huyu ambaye kuamshwa ni vita! Nilimwambia akae mbali, mlango uwe wazi, atazame anameza basi. Akanijibu, "Nimekusikia, Mama Wema." Hivyo tu. Siku hizi hatambi tena.

2 Desemba

Ngassa amehamishia godoro sebuleni. Anasema joto. Joto gani na mvua hii?

4 Desemba

Wema kamkimbilia baba yake akitoka kazini, kanyoosha mikono. Baba yake karudi nyuma. Mtoto akaanguka kwa mshangao, akalia, na yule bwana akasimama pale ameshika ukuta, macho mekundu. Nilimwinua mwanangu mwenyewe. Nilimwambia Ngassa maneno ambayo sitayaandika humu.

6 Desemba

Sasa nawaza. Mtu halali kwangu, hambebi mtoto, anatoka asubuhi na mapema bila kuamshwa. Rhoda wa kantini ananiambia nimchunguze, huenda "Mwita" huyo wa kila asubuhi amevaa kitenge. Kama ni mwanamke nitamjua. Na huyo Mwita anayemfichia nitamjua pia.

8 Desemba

Leo Jumapili, jua limetoka kidogo, nikaamua kufua. Kwenye bukta nyeupe ya Ngassa nikakuta doa la rangi ya machungwa iliyokolea, karibu na wekundu. Nikasema damu. Nikakumbuka juzi chooni niliona rangi kama hiyo sakafuni, nikadhani ni maji ya kutu. Yote niliyokuwa nayawaza ya mwanamke yakanitoka. Nikajua mume wangu anakufa na ananificha.

Nilimkuta kwenye benchi amekaa na Mwita. Nikaweka bukta katikati yao.

"Ngassa, unakojoa damu?"

"Si damu."

"Ni nini?"

"Ni dawa. Ile dawa inabadilisha rangi ya mkojo."

"Dawa gani?"

Ngassa aliangalia miguu yake. Mwita ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Dawa zangu, shemeji."

Sikuelewa. Nikamwambia aeleze upya, tena polepole. Akaeleza. Kikopo kile alichopewa na nesi aliogopa kukitumia. Akaja kwetu na mfuko mweusi, akamwomba rafiki yake amtolee makohozi yaliyo safi. Ngassa huwa na kikohozi kidogo cha asubuhi, na watu wote wa krasha wanacho, ni vumbi. Akatoa, wakacheka, Mwita akapeleka kwa jina lake.

"Mgodi mzima, shemeji," Mwita akasema, "ningeazima kwa nani mwingine? Huyu ndiye mzima kuliko sisi wote."

Majibu yalipotoka wakaelewa wote wawili kwa pamoja mgonjwa ni nani. Ngassa akamsihi asiseme, kwamba wakigundulika wamedanganya watafukuzwa wote. Mwita akakubali. Akachukua dawa kwa jina lake, akamtaja Ngassa kuwa msimamizi, na kila asubuhi msimamizi anakwenda kumeza dawa za mgonjwa wake.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope. Halafu nikamwona Wema mlangoni ana kipande cha muhogo mkononi, na kicheko kikafia hapohapo.

"Na mtoto?" nikamuuliza Ngassa. "Nesi alikwenda kufungua dirisha la Mwita. La kwetu nani alilifungua? Wema ulikuwa unamlaza kifuani kwako mpaka ile siku ya majibu. Nani amempima?"

Ngassa alilia. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona. "Ndiyo maana simbebi, Mama Wema. Nilidhani nikikaa mbali inatosha."

"Haitoshi."

"Najua. Naogopa."

Mwita akasimama. "Kesho twende wote kwa nesi. Wakinifukuza, nimeshafukuzwa kabla, najua njia."

Nilimtazama yule mtu niliyemtundikia kikombe nje.

9 Desemba

Tulikwenda. Nilimfunga Wema mgongoni, wale wawili nikawatanguliza mbele kama mbuzi.

Scolastika alisikiliza mpaka mwisho. Kisha ile sauti yake ikatoka. "Kilo themanini na moja, unameza dozi ya mtu wa kilo hamsini na mbili! Unajua unafanya nini? Unampa mdudu nafasi ya kuizoea dawa! Akishaizoea, baba, hizi za miezi sita hazitakusaidia tena!"

Ngassa hakusema "hapana" hata mara moja.

Akawapa kila mmoja kikopo. "Mtatoa hapahapa, mbele yangu, nawatazama. Na mkibadilishana hata pumzi nitawaona." Akaniambia mimi na Wema tuondoke asubuhi kwenda Kahama kupigwa picha ya kifua. Alipomshika Wema sauti yake ilipungua, akamsikiliza mgongo muda mrefu. Nikamuuliza anasikia nini. "Nasikia mtoto anayetaka kulia," akasema. "Subiri picha, dada."

Gregory ameitwa. Aliwatazama wale wawili, akavua kofia, akavaa, akaondoka.

10 Desemba

Kahama. Foleni ndefu, joto la mvua inayokuja. Wema alipiga kelele kwenye ile mashine mpaka mpiga picha akaniambia, "Mama, mapafu ya huyu sijui kama yana shida." Najua alitaka kunitia moyo. Nilimshukuru, halafu nikaenda kulia chooni.

11 Desemba

Hakuna majibu.

12 Desemba

Hakuna majibu. Wema kakohoa mara moja alipokunywa uji, nikamwaga sufuria nzima kwa kushtuka.

13 Desemba

Mapafu ya Wema ni safi.

Naandika tena kwa sababu napenda kuyaona maneno yenyewe. Mapafu ya Wema ni safi. Yangu pia. Wema atapewa dawa za kumkinga, za watoto, zina ladha ya matunda, na atachunguzwa tena. Ngassa ndiye mgonjwa, kama tulivyojua, ila mdudu hajaizoea dawa. Dozi imerekebishwa ilingane na mwili wake, na miezi sita inahesabiwa upya. Scolastika alisema tungechelewa miezi michache ingekuwa hadithi nyingine, akanitazama akaona aishie hapo.

Na Mwita? Mwita hana kifua kikuu. Hana na hakuwahi kuwa nacho. Ana pumu inayoamshwa na vumbi, kapewa dawa ya kuvuta mdomoni. Mtu alikuwa na kikohozi cha kawaida, akaazima ugonjwa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Ngassa kupitia dirishani, maana alikuwa ndani na barakoa yake. Alipiga magoti pale sebuleni. "Wabeja, mayu," akasema kwa Kisukuma, kama anavyomshukuru mama yake. Nimelala mchana, mimi, mchana!

14 Desemba

Nimekwenda kwa Mwita na maziwa ya mgando. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikanipotea mlangoni. Nikasema tu, "Shemeji, nimekuja kukuomba radhi kwa kile kikombe."

Akacheka. "Kile kikombe kilinikera kwa jambo moja. Ni kidogo."

"Sifanyi mzaha. Nilikufanya takataka, na wewe ulikuwa unambebea mume wangu aibu yake."

Hapo akaacha kucheka. "Iliniuma, shemeji, siwezi kusema haikuniuma. Watu walinihama kwenye meza. Lakini uliponiweka nje nilisema moyoni, angalau huyu anamlinda mtoto. Ila ulikuwa unamlinda na mtu asiye mgonjwa."

Tulikunywa maziwa. Aibu yangu haijaisha. Imepungua.

17 Desemba

Gregory kawaweka ofisini saa nzima. Hakuna aliyefukuzwa. Alisema kosa ni lao, ila mtu akiogopa kupimwa kiasi cha kuazima makohozi, basi na wao ofisini kuna kitu hawakukisema vizuri. Kesho atasimama kantini aseme kwa mdomo wake kwamba ugonjwa haumwonyeshi mtu geti. Mwita anahamishiwa getini kwenye mzani wa malori, mbali na vumbi. Watu wa krasha wote wanapimwa upya, kila mmoja mbele ya Scolastika.

Tena wamebadilisha bati la stoo. Nimeligonga kwa fimbo kuhakikisha.

19 Desemba

Mwita kachomwa chanjo ya mafua, wa mwisho mgodini. Alipiga ukelele wa Kikurya hadi kuku wa kantini wakatawanyika. "Mura," akamwambia Ngassa kutoka mbali, "hii nimechomwa mwenyewe, shahidi ni bega langu!"

3 Januari

Mvua. Barakoa zinaniishia. Wanazivaa.

15 Januari

Scolastika anasema Ngassa haambukizi tena, anaweza kumbeba mtoto. Ngassa kakataa. Anasema atasubiri kipimo cha miezi miwili, alishawahi kujiamini akaona matokeo yake. Anamtengenezea Wema gari la makopo na kulisukuma kwa fimbo kutoka upande wa pili wa ua. Nilidhani nimeolewa na mtu wa majigambo tu. Kumbe kuna mtu mwingine ndani, na nimempenda huyu zaidi.

17 Februari

Kipimo cha Ngassa kimetoka safi. Bado dawa za miezi minne, atazimaliza, nitamsimamia mimi. Safari hii msimamizi anasimamia kweli.

Jioni Mwita alikuja na mkate. Mvua ilikuwa nyepesi, tukakaa barazani. Nikaleta vikombe vitatu vya ndani, vyote vya udongo, vyote sawa. Ngassa akanyanyuka akaenda ukutani, akakitungua kile chekundu.

"Mimi nitatumia hiki. Ndicho changu tangu mwanzo."

"Rudisha, mura," Mwita akasema. "Hicho nimekizoea."

"Kimenunuliwa kwa ajili ya mgonjwa wa kifua kikuu."

"Kimenunuliwa kwa jina langu. Muulize shemeji."

Nikawaambia nesi amenieleza kikombe hakiambukizi kitu, na kwamba wote wawili ni wajinga. Walikuwa bado wanavutana nacho pale Wema alipopita katikati yao, akakinyakua, akatoka nacho mvuani kuchota tope. Hakuna aliyemnyang'anya.

Baba yake akamfuata mpaka kwenye dimbwi, akainama, akambeba.